Mbolea ya tumbaku Mpanda ipimwe urani

Mkulima wa tumbaku wilayani Mpanda huchukua mbolea kwa mkopo kupitia chama cha msingi, na deni hukatwa baada ya kuuza. Mfuko wa NPK 10-18-24 humweleza kiasi cha naitrojeni, fosforasi na potasiamu. Haumwelezi kiasi cha urani.

Fosfeti hutokana na miamba, na mingi ya miamba hiyo ina urani kidogo. Ule wa Minjingu, mkoani Manyara, umewahi kuchunguzwa na wanasayansi kwa sababu hiyo. Urani ikichakaa huzaa radiamu, na baadaye risasi-210 na poloniamu-210. Mwaka 1964, Edward Radford na Vilma Hunt wa Chuo Kikuu cha Harvard, Marekani, walitangaza kuwa poloniamu hiyo imo katika moshi wa sigara. Sehemu yake hutoka hewani na kunasa kwenye vinyweleo vya jani. Nyingine hutoka udongoni, na mbolea inachangia.

Viwango ni vidogo, wala hakuna sababu ya kuzua hofu. Hata hivyo, kidogo hicho kinapimika. Urani-238 huchukua takribani miaka bilioni 4.5 nusu yake kwisha, hivyo kusubiri itoe mionzi ndipo ihesabiwe ni kazi ndefu. Mashine iitwayo spektrometa ya masi haisubiri: hutenganisha atomi kwa uzito wake na kuzihesabu, hata zikiwa chini ya sehemu moja kwa bilioni. Radiamu na poloniamu hupimwa kwa vifaa vya kuhesabu mionzi.

Kiuchumi, gharama ya kupima sampuli chache ikigawanywa kwa shehena nzima ni ndogo kwa kila mfuko. Umoja wa Ulaya, kwa kanuni ya mwaka 2019, uliweka kikomo cha kadimiamu katika mbolea za fosfeti, lakini si cha urani. Siku wanunuzi wa tumbaku wakiweka chao, jani litashushwa daraja na deni la mbolea litabaki palepale.

Vyama vya ushirika mkoani Katavi viweke sharti kwenye zabuni: shehena isiyo na cheti cha vipimo hivyo isipokelewe. Mamlaka ya Udhibiti wa Mbolea (TFRA) na Tume ya Nguvu za Atomiki (TAEC) zikubaliane kiwango na namna ya kupima. Anayelipia mfuko ana haki ya kujua kilichomo.