Mchoro wa ganda la mti wasifiwa ng'ambo, jina la mama aliyeuchora halijulikani

Nyabiondo, Masisi – Toka Masisi-kati mpaka Nyabiondo, na kuendelea upande wa Walikale, vazi la mama ni kikwembe. Ganda la mti, ambalo mababu wa sehemu nyingi za Maziwa Makuu walilivaa kabla ya pamba kufika, limeondoka mwilini. Lakini halikupotea. Leo linatundikwa ukutani katika nyumba za maonyesho za Ulaya na Marekani, na watu wanalinunua kama mchoro wa fundi mkubwa. Kinachokosekana pale ukutani, mara nyingi, ni jina la mwanamke aliyelichora.

Kazi inayojulikana zaidi ni ya Wabambuti wa msitu wa Ituri, jimbo jirani na Kivu ya Kaskazini. Wanaume wanabandua ganda la ndani la miti ya jamii ya mkuyu, wanalilowesha, kisha wanalipiga kwa nyundo mpaka linakuwa pana na laini. Wanawake ndio wanaochora. Rangi nyeusi inatoka kwenye maji ya tunda la pori yaliyochanganywa na makaa. Kwa kidole au kijiti, mama anaweka mistari inayokatana, madoa, na alama zinazokumbusha nyoka au kipepeo. Alama za namna hiyo wanazipaka pia mwilini. Kwao picha na vazi havikuwa vitu viwili: kitambaa kilivaliwa kwenye ngoma, na mtoto mchanga alifungwa ndani yake.

Katika miaka ya 1990, wataalamu Georges Meurant na Robert Farris Thompson walitoa kitabu kizima juu ya michoro hiyo. Sifa hizo zilikuwa za haki. Hata hivyo, kibandiko cha kitambaa kinachouzwa ng'ambo kwa kawaida kinataja kabila na inchi tu. Msanii wa Paris anaandikwa kwa jina lake. Mama wa Ituri anaandikwa kwa jina la kabila lake.

Jina lina faida gani?

Jibu liko kwenye sheria. Kongo ina sheria ya haki za watunzi tangu tarehe 5 Aprili 1986, na ina shirika la kukusanya haki hizo, SOCODA. Lakini ili mtunzi alipwe, sharti ajulikane ni nani. Kesho kiwanda cha vikwembe kikichukua mistari ya mama huyo na kuichapa kwenye maelfu ya mita za kitambaa, nani atakwenda kushitaki? Na atashitaki kwa jina la nani?

Wenyeji wa asili wa Australia walipita njia hiyo mapema. Mwaka 1985, Bronwyn Bancroft, mchoraji na mbunifu wa mavazi wa taifa la Bundjalung, alifungua duka lake mjini Sydney. Mwaka 1987 mavazi yake yalionyeshwa Paris, na mwaka huohuo yeye na wenzake walianzisha ushirika wa wasanii, Boomalli. Michoro yake na mavazi yake vilitembea pamoja, na vyote vilibeba jina lake.

Faida ya jina ilionekana mahakamani. Mwaka 1994, mahakama ya shirikisho ya Australia ilihukumu kampuni iliyoingiza mazulia yaliyotengenezwa Vietnam, yenye michoro ya wasanii wa asili iliyoibwa. Fidia ilikuwa dola 188,640 za Australia. Wasanii wengine walikuwa wamekwisha kufa, lakini kwa sababu walijulikana, haki yao ilidaiwa kwa niaba yao. Kisha, tangu Juni 2010, sheria ya Australia inampa mchoraji asilimia 5 ya bei pale kazi yake inapouzwa tena kwa dola 1,000 au zaidi.

Bila msitu hakuna kitambaa

Kwa Kongo, jina peke yake halitoshi. Ganda linatoka kwenye mti, na mti uko msituni. Sheria namba 22/030 ya tarehe 15 Julai 2022, inayolinda haki za wenyeji wa asili Mbilikimo, inatambua haki yao juu ya ardhi na mali ya asili. Mwaka 2024, uamuzi wa Tume ya Afrika ya Haki za Binadamu ulitangazwa: serikali ya Kongo ilivunja haki za Batwa waliofukuzwa Kahuzi-Biega, mbuga ambayo ilipanuliwa mwaka 1975 na kuingia mpaka Walikale.

Karatasi zipo, basi. Lakini Masisi na Walikale watu wanajua umbali kati ya karatasi na kijiji. Vita vimewakimbiza wakaaji wa Nyabiondo mara nyingi, na familia iliyolala kambini haiwezi kumfundisha binti yake kuchagua mti, kupika rangi wala kuchora. Ufundi wa namna hii haukuandikwa mahali. Unapita toka mkono wa mama hadi mkono wa mtoto. Mkimbizi akikaa kambini miaka kumi, mnyororo unakatika.

Kuna jambo moja lisilongoja amani wala bajeti kubwa. Idara ya utamaduni ya jimbo, mashirika ya raia na wanunuzi wenyewe wanaweza kuandika, kabla kitambaa hakijaondoka kijijini, jina la aliyekichora, kijiji chake na mwaka, na kupiga picha ya kazi hiyo kwa ruhusa yake. Daftari moja na simu moja vinatosha kuanza. Wasanii wa Australia walishinda kesi yao kwa sababu kila mchoro ulikuwa na mwenyewe. Kitambaa cha ganda la mti nacho kina mwenyewe, ila hakuna aliyemuuliza jina.