Jembe na kitabu havigombani



Natoa maoni yangu juu ya matumizi ya Jumamosi na Jumapili huku vijijini.

Kwetu Singida mvua ni za msimu mmoja tu kwa mwaka. Mwenye shamba la mtama au alizeti hana budi kuamkia shambani alfajiri, maana ikifika saa tano jua limekwisha kuwa kali. Lakini baada ya hapo wanaume wengi huishia kilabuni au kwenye bao hadi magharibi. Sisemi bao ni baya. Nasema saa moja tu kati ya hizo ingetosha kusoma kurasa chache na kuandika mistari michache.

Wapo watakaocheka wakisikia mkulima anasoma falsafa, wakidhani hiyo ni mali ya Chuo Kikuu. Basi na wamsome marehemu Shaaban Robert. Katika "Kusadikika", Karama anashitakiwa kwa ajili ya elimu ya sheria. Katika "Utubora Mkulima", mtu anaacha kazi ya mjini na kushika jembe. Je, haki ni nini? Utu hupimwa kwa kitu gani? Hayo ni maswali ya falsafa, nayo yameulizwa kwa Kiswahili chetu. Na asiye na nafasi akumbuke kwamba tafsiri ya Mwalimu Nyerere ya "Julius Caesar" ilitoka mwaka 1963, naye akiwa Rais wa nchi changa.

Kuandika nako kuna faida. Mwenye daftari huandika siku mvua ilipoanza, magunia aliyovuna, bei aliyopewa, na hata jambo lililomkosesha usingizi. Mnunuzi wa alizeti akija na bei ya kupunja, huyo hababaishwi.

Mwaka 1970 ulitangazwa kuwa Mwaka wa Elimu ya Watu Wazima, na mamilioni ya wananchi walijifunza kusoma katika kampeni za miaka ile. Lakini aliyejua kusoma akakosa kitabu, herufi humtoka.

Kwa hiyo napendekeza kila kata iwe na kabati la vitabu katika shule ya msingi, lifunguliwe Jumamosi mchana na Jumapili, wakati madarasa yako matupu. Halmashauri itoe kabati na vitabu vya kuanzia; sisi wakulima tuchange debe moja moja la alizeti wakati wa mavuno ili kuviongeza. Tena wanaume tusaidie kuchota maji na kutafuta kuni, kwani mama zetu hawana Jumamosi wala Jumapili, na kabati hilo ni lao pia.

Taifa la wakulima wasiosoma litafikiriwa na wengine. Tusikubali.

Mkulima Msomaji,
Iramba, Singida.