Tupewe Maneno ya Wenyewe

Mwanafunzi wa historia akiulizwa sababu za Vita vya Maji Maji hujibu upesi, kama mtu ahesabuye vidole: kodi, pamba ya kulazimishwa, ukali wa maakida. Majibu hayo ni ya kweli. Lakini aulizwapo, "Umejuaje?" hunyamaza, au husema ameyanakili ubaoni.

Rai yangu ni kwamba tuonyeshwe kwanza maneno ya watu walioyaona mambo, ndipo tupewe muhtasari. Sasa twaanza na muhtasari na kuishia papo hapo.

Tutazame vita hivyo hivyo. Vilianza Julai 1905, watu wa Nandete, katika milima ya Matumbi, walipong'oa mipamba. Aliyekuwa Gavana wa Kijerumani, Graf von Götzen, alitoa kitabu mwaka 1909, na humo uganga wa maji umepewa nafasi kubwa. Mwaka 1968 wanafunzi wa Chuo Kikuu pale Dar es Salaam walikwenda vijijini kuwauliza wazee. Hao wakasimulia mapigo ya viboko na jasho la mashamba ya pamba. Wekeni kurasa hizo mbili mbele ya Kidato cha Tatu, mtaona mikono ikiinuka. Gavana angeweza kuandika kwamba utawala wake mwenyewe ndio uliowachosha watu? Na wazee je, miaka 63 baadaye, nchi imekwisha kujitawala, hawakutia chumvi? Kisha uko Utenzi wa Vita vya Maji-Maji wa Abdul Karim bin Jamaliddini, uliochapwa mwaka 1957. Je, mshairi wa Lindi aliyatazama mambo sawasawa na mkulima wa Matumbi? (Huo, angalau, ni Kiswahili, hauhitaji mfasiri kama kitabu cha Gavana.)

Najua walimu watasema muda hautoshi na mtihani u karibu. Ni kweli, wala mimi sitaki kuanguka. Lakini siombi mwaka mzima. Naomba kipindi kimoja kwa mwezi, na karatasi moja iliyopigwa chapa. Aliyekwisha kubishana na Gavana juu ya pamba hahitaji kukesha akiikariri.

Nanyi wazazi, katika masanduku yenu zimo stakabadhi za kodi, barua, kadi za TANU na daftari za vyama vya ushirika. Tafadhali msizichome, panya wamekwisha kula za kutosha. Tuazimeni wakati wa likizo, tuzinakili. Tutazirudisha.