Kuinama Si Kuabudu: Ishara za Mwili katika Misa ya Kisumu

Wahenga walinena kwamba asiyejua maana haambiwi maana. Methali hii yafaa kukumbukwa katika mjadala ambao haujakoma mjini Kisumu na kando ya Ziwa Viktoria, yaani mjadala kuhusu Wakatoliki wanaoinama na kupiga goti kanisani. Kisumu ni mji wa Wakatoliki, Waanglikana, Waadventista, Wapentekoste, Waislamu na wafuasi wa Legio Maria, na si ajabu watu wa nyumba moja kusali katika madhehebu tofauti. Hivyo basi, lawama kwamba Mkatoliki huabudu sanamu hutamkwa baina ya ndugu na ndugu, na huacha majeraha. Makala haya yanashikilia kwamba sehemu kubwa ya ugomvi huo ni ugomvi wa maneno, na kwamba wanafunzi wa Kiswahili wana wajibu ndani yake.

Kwanza, itazamwe desturi yenyewe. Mwongozo wa Misale ya Kirumi wa mwaka 2002 unapambanua matendo matatu. Kupiga goti ni kushusha goti la kulia hadi sakafuni, na maana yake ni kuabudu. Tendo hili limetengewa Sakramenti Takatifu, na pia Msalaba Mtakatifu kuanzia ibada ya Ijumaa Kuu hadi Kesha la Pasaka linapoanza. Kuinamisha kichwa hufanywa Nafsi tatu za Mungu zinapotajwa pamoja, na kwa jina la Yesu, la Bikira Maria na la mtakatifu anayeadhimishwa. Kuinamisha mwili hufanywa mbele ya altare, na pia wakati wa Kanuni ya Imani, penye maneno ya umwilisho. Katika mpangilio huo, goti la kuabudu halikutengewa sanamu yoyote. Hata Mtaguso wa pili wa Nikea, mwaka 787, ulipotetea picha takatifu ulitofautisha heshima inayopewa picha na ibada anayostahili Mungu peke yake.

Mbona basi lawama haziishi? Sababu moja imo katika lugha. Katika Dholuo, kitenzi lamo hubeba maana ya kusali na ya kuabudu pia. Anayesema kwa lugha hiyo kwamba jirani yake anamwomba Maria amwombee, akitumia kitenzi hicho, anaweza kusikika kana kwamba anasema jirani huyo anamwabudu Maria. Kiswahili kina nafasi pana zaidi: kuomba, kusali, kuheshimu, kutukuza, kuabudu, kusujudu. Aidha, kinapambanua kupiga goti na kupiga magoti kwa umoja na wingi wa nomino tu. Waislamu nao wamekihifadhia Kiswahili tofauti ya rukuu na sijida: ya kwanza ni kuinama, ya pili ni kuweka paji la uso chini. Hazina hiyo ipo, lakini mara nyingi wasemaji huitupa na kuliita kila tendo kusujudu.

Wapo wanaodai kwamba ishara hizi ni ugeni ulioletwa na Wazungu. Ni kweli kwamba wamisionari wa Mill Hill walifika Kisumu mwaka 1903 wakitokea Uganda. Hata hivyo, katika Buganda mwanamke hupiga magoti anapomsalimu mkubwa, na hakuna anayesema kwamba anamwabudu. Mawakili huinama mbele ya hakimu mahakamani, na wabunge huinama mbele ya Spika, bila ya kushtakiwa ukafiri. Tena Legio Maria ni ushahidi mzito. Waumini wake walijitenga na Kanisa Katoliki mwanzoni mwa miaka ya 1960, wakiwafuata Simeo Ondeto na Gaudensia Aoko, lakini hawakuitupa ibada ya zamani. Walishika Kilatini, rozari na mavazi ya ibada. Waliokataa mamlaka ya wageni waliziona ishara zile kuwa zao.

Hata hivyo, wakosoaji wana hoja moja isiyopaswa kupuuzwa. Goti linalokunjwa nusu kwa haraka, huku macho yakitafuta pa kuketi, halisemi neno. Mtaguso wa pili wa Vatikano, mwaka 1963, ulihimiza kwamba waumini washiriki kwa sauti, kwa matendo na kwa mkao wa mwili. Hakuna ushiriki mahali ambapo muumini amefundishwa namna ya kuinama bila ya kuambiwa sababu yake. Ishara isiyoelezwa humpa mkosoaji fursa ya kuieleza apendavyo yeye.

Hapa ndipo penye kazi ya wanafunzi na wahadhiri wa Kiswahili. Istilahi za sayansi na sheria zimekusanywa kwa bidii. Istilahi za ibada zimeachiwa makatekista. Utafiti ufanywe katika Misa za Kiswahili, kuanzia kanisa kuu la Mtakatifu Teresa, Kibuye, hadi vigango vya wavuvi, ukilinganishwa na matumizi ya misikitini na ya madhehebu mengine. Si kazi ya mwanaisimu kuamua nani anaabudu kwa haki. Kazi yake ni kuhakikisha kwamba ndugu wawili wanapobishana, neno moja lina maana moja kwa wote wawili. Wakiendelea kutofautiana baada ya hapo, angalau watatofautiana juu ya imani, si juu ya kitenzi.