Lebo ya Muziki Huishi kwa Lugha

Vijana wengi wanaotunga muziki kwa kompyuta hapa Nakuru wamezoea kunung'unika kwamba hapana lebo ya kuwasikiliza ila iliyo Nairobi au ng'ambo. Hoja hiyo ingekuwa na uzito lau historia ya Bonde la Ufa isingeikanusha.

Mnamo miaka ya 1960, mjini Kericho, kilomita mia moja hivi kutoka Nakuru, duka la muziki la Chandarana, mali ya familia ya asili ya Kihindi, lilianza kurekodi na kuuza sahani ndogo za santuri, wimbo mmoja kila upande. Kipchamba arap Tapotuk na bendi yake ya Koilong'et ni miongoni mwa waliopitia hapo. Baadaye kampuni za kimataifa kama PolyGram, CBS na EMI zilikuwa na afisi Nairobi, zikiwa na mitaji ambayo duka la Kericho halingeweza hata kuiota. Santuri ilipodorora na kanda bandia kuzagaa, wakubwa hao walifunga virago. Chandarana ilidumu kwa miongo kadhaa.

Wapo watakaosema ni bahati. Mimi nadhani sababu kuu ni lugha. Mashamba ya majani chai yaliwakusanya Kericho wafanyakazi wa Kipsigis, Kijaluo, Kiluhya na Kikisii, nao walipopokea mshahara walitaka kusikia lugha ya mama. Duka likawarekodia kila mmoja kwa lugha yake na kumuuzia papo hapo. Mwenye soko la aina hiyo hahitaji kuuza nakala laki moja ili aishi.

Kwetu sisi wanaisimu, sahani hizo ni hazina. Kikalenjin hutofautisha irabu kwa mkao wa shina la ulimi, kwa urefu na kwa toni, lakini maandishi ya kawaida yenye irabu tano huficha mengi ya hayo. Santuri haifichi. (Jina lenyewe Kalenjin, "nakuambia", lilienezwa na matangazo ya redio ya miaka ya 1940, lugha hii ina deni la kale kwa mitambo ya sauti.)

Anayedhani kwamba muziki wa kompyuta hauna haja na lugha ndogo na autazame mji wa Kampala. Lebo ya Nyege Nyege Tapes, iliyoanza kutoa kazi zake mwaka 2016, ina jina ambalo mwalimu wa Kiswahili angesita kulitamka mbele ya darasa, ingawa kwa Kiganda linahusu hamu ya kucheza isiyozuilika. Mwaka 2017 ilitoa singeli ya Dar es Salaam, na mwaka huo huo nyimbo za harusi za Kiacholi za Otim Alpha, zilizohamishiwa kwenye kompyuta kwa kuwa bendi kamili ilikuwa ghali mno kwa wenye harusi. Kiacholi kimesikika hadi Ulaya. Sioni kwa nini Kikalenjin kisisikike.

Linalonitia wasiwasi ni kwamba sahani za zamani zinatoweka. Wakusanyaji wa ng'ambo wameitambua thamani ya santuri zetu kabla yetu. Lebo ya Soundway ya London ilitoa mkusanyo wa *Kenya Special* mwaka 2013, wenye nyimbo za miaka ya 1970 na 1980. Siwalaumu. Lakini mwanafunzi wa Molo au Njoro hapaswi kununua kutoka London sauti iliyonaswa jirani na kwao.

Shule zetu zinaweza kuanza muhula huu. Mwalimu wa lugha awatume wanafunzi vijijini kutafuta sahani na kanda zilizosalia, wazinakili kwa simu, waandike maneno yake. Waanze na majina ya nyimbo jinsi yalivyopigwa chapa kwenye karatasi ya katikati ya sahani, kisha wayalinganishe na matamshi ya mwimbaji. Watakuta tofauti nyingi, na wazee wanaoweza kuziamua wangali hai.