Nani Aushike Mlango?



Muhula huu Chama cha Majadiliano cha shule yetu kilibishana juu ya habari iliyotoka mbali sana na Bariadi. Mwalimu wa Historia alitueleza yaliyowapata Wayahudi wa mji wa Manchester, Uingereza, tarehe 2 Oktoba 2025, siku yao kuu ya kufunga na kuomba toba. Mtu mmoja aliwaelekezea gari watu waliokuwa nje ya sinagogi la Heaton Park, kisha akashuka na kisu mkononi. Waumini wakaushika mlango kwa ndani ili asiingie. Polisi walifika upesi wakampiga risasi akafa. Wayahudi wawili nao walikufa, na mmoja wao alipatwa na risasi ya polisi, ambayo haikukusudiwa yeye, hali angali ameushika mlango.

Kwa miaka miwili kabla ya hapo maandamano makubwa juu ya vita vya Gaza yalikuwa yakipita katika miji ya Uingereza. Wayahudi wengi walisema kwamba siku za maandamano huogopa kwenda mjini, na kwamba polisi huyaachia maneno ya kuwatisha yapite bure. Wengine, Wayahudi vile vile, walikuwa wakitembea katika maandamano hayo hayo. Baada ya mauaji Serikali ilisema itawapa polisi uwezo zaidi wa kuyawekea masharti maandamano yanayorudiwa-rudiwa mahali pamoja. Basi swali letu likawa: Je, yafaa kuzuia maandamano ili watu wachache wakae salama?

Wenzangu wengi walipiga kura kwamba yafaa. Mimi nilinyamaza, jambo ambalo wanaonijua watalistaajabia. Nilikuwa nikiwaza mlango mwingine, nao ni wa nyumba yetu.

Mdogo wangu wa kike ana ualbino. (Lile jina la zamani silitumii, maana yeye mwenyewe halipendi.) Mwanzoni mwa mwaka 2015, mtoto mchanga mwenye ualbino alipoporwa huko Chato na kuuawa, mimi nilikuwa na miaka sita na yeye hajatimiza miwili. Nakumbuka baba alihamisha kitanda chake cha kamba akakiweka mlangoni kwa ndani, panga chini ya mto. Alilala pale msimu mzima wa pamba. Mama alikuwa akimfunga mtoto mgongoni hata akienda chooni. Majirani walisema, "Mbona mnajitia hofu? Hapa kwetu hakuna mambo hayo." Lakini mambo hayo yalikuwapo. Mwezi Novemba 2009 Mahakama Kuu huko Shinyanga iliwahukumu kifo watu wanne kwa kumwua mtu mwenye ualbino wa wilaya hii hii ya Bariadi, wakati huo ikiwa bado katika Mkoa wa Shinyanga.

Hapo ndipo nimwelewapo Myahudi wa Manchester ambaye sijapata kumwona. Aliye katika wengi huipima hatari kwa kuhesabu siku ambazo hakikutokea kitu, akaona ni nyingi. Aliye katika wachache huikumbuka ile siku moja. Na yule aliye salama ndiye mwepesi wa kumwambia mwenzake kwamba anaogopa kupita kiasi.

Mwaka 2019 mdogo wangu alifikia umri wa kusoma. Shule ilikuwa mwendo wa kilomita nne, njia ikipita katikati ya mashamba ya mtama, na mtama ukikomaa humficha mtu mzima aliyesimama. Baba akampeleka katika kituo cha bweni, mkoa mwingine, chenye ukuta na mlinzi. Siwalaumu waliovijenga vituo vile. Katika siku za hatari viliokoa watoto wengi. Lakini yafaa tutazame ni nani anayelipa. Aliyekusudia kuua analala kwake, anakwenda mnadani, anacheza bao. Aliyekusudiwa kuuawa ndiye amefungiwa. Mdogo wangu sasa ana miaka kumi na mitatu, na Kisukuma chake kimekuwa cha kubahatisha. Likizo iliyopita bibi alimwita "ng'wanawane", naye akanigeukia mimi nimfasirie.

Rafiki yangu mmoja wa mabweni ya chini aliniambia kwamba kwetu polisi hawahitajiki sana, kwa kuwa tunao sungusungu. Ni kweli kwamba mwano ukipigwa usiku, wanaume hutoka nyumba zote, na mwizi wa ng'ombe hana pa kukimbilia. Nausifu mwano. Lakini katika nchi hii ya Usukuma vikongwe wengi wameuawa kwa kuitwa wachawi, na kosa lao lilikuwa macho mekundu, ambayo yalitokana na moshi wa kupikia kinyesi cha ng'ombe na mabua ya pamba. Kundi la watu halimwulizi mtu maswali. Leo litamwokoa mdogo wangu, kesho litamchoma bibi wa jirani, na usiku wote wawili litakwenda kulala likiona limetenda haki. Kwa hiyo nataka polisi, tena polisi anayejibu mbele ya hakimu kwa kila analolitenda.

Tatizo ni kwamba polisi huja baada. Askari wa kata alikuja kwetu mara moja, akanywa maji, akaandika namba ya simu ya baba, asionekane tena. Sisemi alikuwa mtu mbaya. Kata ni kubwa na pikipiki ilikuwa moja. Mwaka 2009 Serikali iliwaita wananchi wa mikoa yetu waandike kwa siri majina ya watu wanaowashuku. Nimeuliza wazee: wengine waliandika kwa haki, wengine waliandika majina ya wadai wao. Mwezi Januari 2015 wakapigwa marufuku waganga wa kupiga ramli. Hata hivyo tarehe 30 Mei 2024, huko Muleba, Kagera, mtoto Asimwe Novath aliporwa mikononi mwa mama yake, na baba yake mzazi alikuwa miongoni mwa waliokamatwa. Mwezi Februari 2025 Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu, yenye makao yake Arusha, iliamua kwamba nchi yetu haikuwalinda watu wenye ualbino kama ilivyopasa.

Sasa narudi kwa Wayahudi na kura ambayo sikuipiga. Nadhani tuliuliza swali vibaya. Kuyazuia maandamano yote ni kujenga ukuta mwingine, ila safari hii wanaofungiwa ni watu wengine, na chuki inabaki nje ikizurura. Watu waandamane. Polisi watembee pamoja nao, na anayetaja mauti ya jirani yake akamatwe pale pale, siku ile ile. Na kabla ya kupanga hayo, polisi waende kwa wenye hofu, wakae, waulize ni njia gani wanaiogopa na saa ngapi. Kwetu hakuna aliyepata kuuliza habari ya ule mtama.

Mama alitaka mtoto arudi nyumbani moja kwa moja tangu mwaka 2024. Habari za Asimwe zilipofika, akanyamaza. Sasa ameanza tena, na baba hataki kusikia. Nilimwandikia kwamba yuko askari mpya wa kata ambaye hupita shule zote kila wiki, na kwamba naweza kumpeleka binti shuleni kwa baiskeli mpaka majibu yangu ya mtihani yatoke. Alijibu kwa mistari miwili: atakuja likizo ya Desemba, wiki tatu tu, kisha tutaona. Mama anasema baba amekwisha nunua komeo jipya, na kile kitanda cha kamba amekitoa ghalani anakisuka upya.