Korongo la Naivasha: Tusingoje Maiti Ndipo Tujifunze

Kila shule zikikaribia kufungwa Aprili, simu yangu hujaa matangazo ya safari za vijana: SGR hadi Nairobi, kisha basi hadi Naivasha, kupanda miamba ya Hell's Gate. Safari hii binti yangu naye ameniomba ruhusa. Sikumkatalia. Nilimwuliza tu: "Mkishashuka korongoni, nani atakayewaambia mtoke?" Hakuwa na jibu.

Mbuga ile, iliyoanzishwa 1984, ina hatari za aina mbili. Fischer's Tower, mnara wa mwamba wa mita 25 hivi, hatari yake yaonekana kwa macho. Mtu hufunga kamba ndipo apande. Korongo la Ol Njorowa si hivyo. Ile ni njia ya maji, nyembamba, kuta zimesimama pande zote. Mvua ikinyesha mbali huko juu, maji hushuka ghafla, na wewe uliye chini huenda wapigwa na jua. Na Aprili ndio masika.

Aprili 2012, vijana saba wa kikundi cha kanisa walifia humo. Septemba 2019 mafuriko yaliwasomba watu saba wengine, muongozaji wao akiwa mmojawapo. Shirika la Huduma kwa Wanyamapori, KWS, likalifunga korongo.

Tutafakari hapo. Kama hata muongozaji alichukuliwa na maji, basi kulijua korongo hakutoshi. Anahitajika mtu wa kuangalia mvua huko juu, mwenye redio, na mwenye mamlaka ya kufunga njia hata kama wageni wamekwisha kulipa.

Wengi wetu husema ajali haina kinga. Lakini Mtume (SAW) alituelekeza tumfunge ngamia kwanza, kisha tumtegemee Mwenyezi Mungu.

Haya si ya Naivasha peke yake. Sisi Pwani tuna mapango ya chokaa: Shimoni na Fikirini kule Kwale, na Panga ya Saidi kule Kilifi, palipopatikana kaburi la mtoto la miaka 78,000 hivi iliyopita. Twataka wageni waje, na ni haki yetu. Basi kaunti zetu ziwafunze vijana wanaowaingiza watu mapangoni, ziwape taa, kofia ngumu na njia ya kuita msaada, kabla ya kuchapisha tiketi.

Binti yangu nimemruhusu, kwa sharti moja: akiona wingu upande wowote, asishuke, hata wenzake wakimcheka.